Nungunungu na Shingo ya Sweta

Nungunungu alikwenda kwa Bi Kondoo kujifunza kufuma. Kwa siku tatu akajua kuanza sweta na kuendelea nalo.

"Kesho nitakufundisha kumalizia," Bi Kondoo akamwambia.

"Kumalizia nako kunafundishwa? Mimi sindano zimeniota mgongoni, Bi Kondoo," akajibu, na hakurudi tena.

Akafuma peke yake. Alipofika shingoni hakujua namna ya kufunga, basi akaendelea tu kufuma mpaka uzi ukaisha.

Wanyama walicheka, ila Twiga alilivaa, likamfika kidevuni.

"Fundi, wenzako wote huniacha na baridi katikati ya shingo," akasema, machozi yakimlengalenga.

Nungunungu akatundika kibao mlangoni: Fundi Mkuu wa Masweta.

Mteja wa pili alikuwa Chura. Akaketi, akainua kidevu, akangoja kupimwa shingo.