Taa za Pikapu ya Muuzaji

Zuwena alizitumbukiza taa mbili kwenye ndoo ya maji, mlangoni mwa duka la vipuri pale Makorora. Mkono wa kushoto ameshika ya bei chee, wa kulia ya bei mbaya.

"Utaniharibia mali, dada," muuzaji alilalamika.

Zuwena alizidi kuzizamisha. Alikuwa amechoka. Mwaka huu ameshafunga taa mara tatu kwenye Landrova yake, na kila mara maji huingia zikafa. Juzi zilizimika akimkimbiza hospitali mzazi mwenye uchungu kutoka Ushongo. Mtoto alizaliwa gizani, kiti cha nyuma, Zuwena akipapasa kitovu kwa vidole.

Ya bei chee ikatoa mapovu, maji yanaingia. Hilo alilitegemea. Kisha ya bei mbaya nayo ikatoa, tena mengi zaidi.

"Wallahi hiyo orijino, dada."

Zuwena aliinua macho. Pikapu ya muuzaji ilikuwa imeegeshwa hapo hapo, matope hadi milangoni. Kwenye bampa zilifungwa taa mbili, na ndani ya vioo vyake hamkuwa na hata chembe ya ukungu.

Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Lete spana, kaka yangu. Niuzie hizo unazorudi nazo kwako."