Aliyebeba Jengo Ukutani

Mzee aliyechorwa ukutani, karibu na mlango, alikuwa amebeba ghorofa.

Kalista alimwona yeye mwenyewe akiwa tayari chini ya taji la harusi, mkono wake ndani ya mkono wa Clément, bwana harusi wake. Kwao Bukoba baba yake ni katekista wa Kiorthodoksi, na tangu utoto alimfundisha kusoma kuta za kanisa: huyu Petro, huyu Yohana, na yule aliyeshika kanisa dogo mikononi ndiye aliyelijenga. Huyu wa hapa, mnene, joho la dhahabu, alishika jengo refu lenye roshani nyingi.

"Vyumba vya watawa, chérie," Clément alimnong'oneza. "Tazama mbele."

Akatazama mbele. Mimba ilikuwa ya miezi minne, na baba alishasema kwenye simu kwamba bila taji la kanisani asikanyage kwake. Keshokutwa ndege ya kwenda nyumbani ingeondoka uwanja wa Baiyun, hapa Guangzhou, China. Picha za leo ndizo zingemfungulia mlango.

Kanisa alilitafuta Clément mwenyewe, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mdomo asali. La watawa wa Bizanti, alisema, lina miaka mia nane. Tajiri mmoja alilinunua Ugiriki, likabomolewa, likaletwa Guangzhou jiwe kwa jiwe. Nani angebisha? Miaka ile mji mzima ulikuwa unaingia na kutoka kwa kontena. Felisia tu, rafiki aliyepanga chumba pamoja na Kalista na kununua naye nguo soko la Shahe, ndiye aliyegusa ukuta akanusa kidole.

"Shoga, watakatifu wako hawajakauka."

Kalista akamwambia wivu utamzeesha.

Kanisa lilifurika. Wachina watupu, mabosi wanaomuuzia mzigo, kwa maneno ya Clément, wamekuja na wake na watoto, kila mmoja na karatasi inayong'aa mkononi, bila shaka ya nyimbo. Padri, mzungu mwenye ndevu, alisoma mbio mbio, wala hakuuliza jina la ubatizo. Mataji yakabadilishwa vichwani mara tatu. Makofi. Kalista akalia mpaka wanja ukamchuruzika.

Clément akaomba dakika mbili amuage padri. Msichana wa Kichina akamwingiza Kalista chumba cha nyuma, akaanza kumfungua vifungo. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akamwomba radhi: gauni linatakiwa saa kumi.

Kalista akacheka, akamwombea heri huyo bibi harusi wa saa kumi. Karatasi moja ilikuwa imeanguka sakafuni. Akaiokota aipeleke kwa baba, nayo iwe ushahidi.

Haikuwa na wimbo. Ilikuwa na ramani ya sebule, jiko na vyumba viwili, na lile ghorofa la ukutani lenye roshani, na bei chini yake. Juu kabisa, chini ya taji lile lile, Clément alitabasamu, ameshika mkono wa msichana wa Kirusi.

Kalista akageukia mlango.

"Usimsubiri," msichana wa Kichina alimwambia, akilikung'uta gauni. "Bwana harusi huwa habadilishi nguo."