Kidole Gumba cha Mkuu wa Maabara

Mkuu wa maabara alizima mashine ya kuzungushia damu, na safari hii hakuigusa sahani yake.

Msaidizi wake alibaki mdomo wazi. Siku zote bwana mkubwa huyu hukibandika kidole gumba kwenye sahani inayozunguka mpaka isimame ghafla, ngozi ikinuka kuungua. Kishindo chote cha ule mzunguko huishia ndani ya vichupa, na damu iliyokwisha kujitenga huvurugika upya. Msaidizi akilalamika, jibu ni lile lile: "Tungoje mpaka ichoke yenyewe? Watu wamejaa nje. Wewe andika majibu."

Leo ametulia kama maji mtungini, mikono nyuma, akiitazama sahani ikipunguza mwendo taratibu.

"Hicho kichupa ulichokiweka mwenyewe ni cha nani?" msaidizi aliuliza.

"Cha mama yangu. Usije ukakitikisa, dada."

Msaidizi alikitazama kile kidole gumba, sugu yake nyeusi iking'aa. Kisha akavikusanya vichupa vyote vilivyovurugwa asubuhi ile, akavitumbukiza kwenye ndoo ya taka mbele ya mkuu wake, akafungua mlango.

"Jamani," aliwaambia wagonjwa waliokaa kwenye benchi, "kunjeni tena mikono ya nguo. Tunaanza upya."