Hodi ya Tatu

Mwaka jana basi la watalii lilipiga hodi kwa Bi Maimuna, naye, mikono imejaa unga, akajibu bila kufikiri, "Karibuni!" Kwa sheria za mji, nyumba iliyoitikia hodi ya basi ni kituo kwa mwaka mzima. Tangu hapo watalii walishukia barazani, wakapita sebuleni, wakampiga picha mumewe Msellem akikata kucha, kisha wakatokea jikoni kupanda boti iliyowangoja kwenye ngazi za nyuma.

Leo mwaka umetimia. Basi likikosa jibu kwa hodi tatu, linakwenda zake na halirudi.

"Ukifungua mdomo, leo utalala barazani," Bi Maimuna alimwambia mumewe.

"Mimi? Mwenye mdomo humu ndani ni nani?"

"Hodi!" basi likaita.

Bi Maimuna akauma ncha ya leso. Aibu iliyoje, kumnyima mtu jibu mlangoni!

"Hodi!"

Msellem akajitia kaimati tatu kinywani kwa mpigo. Macho yakamtoka.

"Hodi!"

Wakatazamana, wakaanza kutabasamu.

"Karibuni, karibuni! Piteni ndani!"

Bi Maimuna akamgeukia mumewe kwa hasira, lakini kinywa cha Msellem bado kilikuwa kimejaa. Sauti ilikuwa ya kike. Ilikuwa ya Bi Maimuna mwenyewe, ile ile aliyowakaribishia watalii mwaka mzima, nayo ilitoka ndani ya basi.

Watalii wakaanza kushuka.

"Kaeni, jamani," sauti ikaendelea kwa uchangamfu. "Nabandika chai sasa hivi."

Bi Maimuna akaenda kubandika chai.