Nitakuja, kwa Kifaransa

Siku hizo simu za Ufaransa zilipitisha Kifaransa tu, tena sanifu. Ukikosea kitenzi, laini hukatika hadi kesho yake. Bi Mwanakheri wa Tanga, ambaye bintiye Raya alikuwa amelazwa hospitalini Lyon, alishinda jikoni akikaririshwa na mumewe.

"Nitakuja ni *je viendrai*, mke wangu. Si *venirai*."

"Ulimi mzito, Baba Raya."

Alipopiga, Raya alipokea akihema. Mama akajikaza: "*Je venirai*..." Laini ikakatika.

Kesho yake alitamka sawasawa. Lakini aliyepokea alikuwa muuguzi, akamwambia Raya amefariki alfajiri.

Bi Mwanakheri alitaka kuuliza kama mwanawe alimwita. Akafungua kinywa, akakitafuta kitenzi, akaogopa kukosea. Muuguzi alingoja kidogo, kisha akaaga.