Kipimo cha Pili

"Gesi tu hii! Moyo wa Mbaruku haujui kuumwa," alitamba mpishi huyo wa pilau za harusi, jasho likimtiririka kama maji kwenye mfuniko wa sufuria. Mkewe, Bi Tatu, aliyemkokota hospitali, akaenda kutafuta chai.

Muuguzi akafunua pazia. "Baba, moyo ukiumia huvujisha protini kwenye damu. Yako ilikutwa juu kidogo, lakini kipimo cha pili hakijapanda. Moyo umekuonya. Utaanza dawa."

Alipobaki peke yake, Mbaruku akaweka kiganja kifuani. "Ndugu yangu, nisamehe," akanong'ona. "Sigara naacha. Chumvi napunguza. Usinitupe tu."

"Na mafuta ya mbuzi je?"

Bi Tatu alikuwa kwenye pazia, kikombe mkononi. Mbaruku hakuthubutu kuondoa kiganja. Chini yake moyo ulidunda kama wa mtoto aliyefumaniwa jikoni.