Breki za Gari la Nyapara

Mwamina alimwaga beseni zima la maji ya kuoshea vyombo chini ya Landrova, na miguu miwili iliyochomoza huko ikaruka kama imeungua.

"Samahani," alisema, bila dalili yoyote ya samahani usoni. "Sikujua kama kuna mtu. Nilidhani ni takataka."

Shaibu, mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na panga mapajani, alicheka mpaka akakohoa. Kaimu alijiburuta kutoka chini ya gari, akajifuta uso kwa mkono uliojaa grisi, akamtazama yule mwanamke, kisha akarudi chini.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Landrova lilikuwa limekaa uani kwa Shaibu, pembezoni mwa Ruangwa, miaka miwili bila kuwaka. Alilinunua mnadani Nachingwea, mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa, yeye akiwa nyapara wa karakana. Sasa ufuta ulikuwa karibu kuvunwa, na fundi pekee aliyelijua gari lile nje ndani alikuwa Kaimu wa Lionja, mtu ambaye Shaibu mwenyewe alimsingizia wizi wa vipuri vya karakana hiyo akafungwa mwaka na nusu. Wala hakuishia hapo. Kaimu alikuwa amemposa Mwamina. Posa ilirudishwa juma lile lile alilofungwa, na kabla mwezi haujaisha, Shaibu akamwoa yeye.

Alipomtumia ujumbe aje kutengeneza gari, alitegemea kurudishiwa matusi. Kaimu alikuja kesho yake, sanduku la spana begani.

Ndiyo maana ya lile panga.

Kaimu alisimika miti mitatu, akafunga mnyororo, akaing'oa injini nzima na kuitandaza juu ya turubai. Akabadilisha ringi za pistoni, akakata gasketi kwa mkasi, akafumua giaboksi na klachi. Shaibu aliangalia kila nati ikifungwa. Injini haikumtisha, injini mbovu haiui mtu. Alichoogopa ni breki, kwa kuwa barabara ya Mbekenyera ilianzia pale kwake kwa mteremko mkali, na mwisho wa mteremko kulikuwa na kijito kilichojaa mawe.

"Springi umeongeza za nini?" aliuliza siku moja.

"Gari likitengenezwa, litengenezwe la safari. Au unataka la kuchezea uani, Nyapara?"

"Chunga mdomo wako, mfungwa."

"Mfungwa kwa mdomo wa nani?"

Shaibu alinyanyuka na panga lake. Kaimu hakusogea. Alimkazia macho tu, spana mkononi, mpaka mwenye panga akaketi.

Jioni ile Mwamina alikuwa akipakua ugali. "Macho ya mtu yule umeyaona?" alimwuliza mumewe. "Atakulegezea kitu huko chini. Siku utakayopanda gari hilo, ndiyo siku nitakayoanza kukaa eda."

"Namwangalia kila anachofunga."

"Kwani wewe unajua breki? Mimi nisingepanda hata kwa bakora."

Maneno hayo yalimkaa Shaibu kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi gari lilipowaka, moshi ulijaa uani na majirani wakaja kushangaa. Kaimu alijaza tangi la petroli hadi mdomoni, akafunga debe jingine nyuma, akamnyooshea Shaibu ufunguo.

"Gari lako hilo. Shuka nalo mteremko ulijaribu."

Shaibu hakuupokea. "Utashuka nalo wewe kwanza."

"Sawa," Kaimu alijibu, akapanda.

Alikubali upesi mno. Mtu asiye na mke wala mtoto, aliyenyang'anywa kila kitu, anaogopa kufa kweli? Anaweza kulibamiza gari kwenye mawe yale kwa makusudi, ili mradi tu adui yake alikose. Shaibu aliwaza, kisha akatabasamu. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye Kaimu asingeweza kumuua.

"Mwamina! Njoo upande."

"Mimi? Na mwizi huyu? Niue mwenyewe basi, niue hapa hapa!"

Alikimbilia ndani. Shaibu alimfuata, akamkuta ameng'ang'ania mwimo wa mlango, akambandua kidole kimoja kimoja huku wanawake wa jirani wakipiga kelele. Alimsukumia kitini, akabamiza mlango wa gari.

Kaimu alibadilika sura. "Mtoe. Nitashuka peke yangu."

"Kwa nini? Breki si nzima?"

"Nzima."

"Basi shuka naye. Mbio. Ufunge breki kule kijitoni."

Gari lilishuka likirusha mawe, kilio cha Mwamina kikizidi ngurumo ya injini. Shaibu alishika kichwa. Kule chini, hatua chache kabla ya maji, likasimama papo hapo, vumbi lake likalipita.

Shaibu alilichomeka panga ardhini kwa furaha. Mjinga yule! Kamtengenezea adui yake gari jipya!

Landrova likaondoka tena, likavuka kijito, likapanda ng'ambo ya pili. "Anatafuta pa kugeuzia," Shaibu aliwaambia majirani.

Alasiri ilimkuta bado amesimama barabarani. Majirani walishatawanyika. Ndipo akamwona Ausi, mchuuzi wa chumvi, akipanda mteremko huku anakokota baiskeli.

"Umeliona gari langu?"

"Nimepishana nalo ng'ambo ya Mbekenyera, Nyapara, linaelekea Mbwemkuru. Lilikuwa mbio kweli, ila mkeo aliponiona tu akamwambia dereva asimame." Ausi aliegemeza baiskeli, akavuta pumzi. "Sijapata kumwona Mwamina akicheka namna ile. Kaniagiza nikifika tu nikwambie usiwe na wasiwasi, breki zinashika."